Shukrani kwa fundi wa magari wa Ndosho, Goma

Papa fundi, hukutaka jina lako litajwe, basi sitalitaja. Nilikuwa nimeshika dola za akiba ya miaka mitatu, karibu nilipe gari, RAV4 inayong'aa kama sahani ya arusi. Ulikuwa unapita tu. Uliweka kiganja kwenye boneti, ukauliza: "Mbona wameipasha moto kabla hujafika?" Kumbe injini ya moto huficha shida ya kuwaka. Ukafungua kifuniko cha oili: utando mweupe, kama maziwa ya kuganda. Kijiti cha kupimia oili nacho vilevile. Maji yameingia kwenye injini! Ukalala chini kwenye vumbi la lava, na shati lako jeupe, ukanionyesha kulikochomelewa upya. Muuzaji akanuna. Pesa ya fanta, ya kukushukuru, ulikataa.

Corolla uliyonichagulia haina sura, lakini asubuhi inawaka mara moja. Watoto wote wanne wanakusalimu.