Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Paul Erdős

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, assalaam aleikum na habari za jioni.

Mwaka jana mliamua kwamba vikao vyetu visiwe vya kulalamikia matokeo ya mitihani tu, bali tuchague mwanahisabati mmoja tumsome mwaka mzima. Kura zikamwangukia Paul Erdős. Nawashukuru kwa uamuzi huo, maana sijaona watu wakichelewa kuondoka kikaoni kama mwaka huu.

Erdős alizaliwa Budapest mwaka 1913, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa hisabati kama sisi. Hakuoa, hakujenga. Alizunguka nchi hadi nchi na sanduku lake, akifikia kwa wenzake, wakalikalia swali mpaka litoe kitu, kisha huyo, safari nyingine. Aliacha makala zipatazo 1,500, na walioandika pamoja naye wanapita 500. Mauti yalimkuta Warsaw, Septemba 1996, akiwa kwenye kongamano la hisabati.

Kikao kilichonikaa moyoni ni kile cha sinia. Ukumbi tuliokwisha kuulipia ulipewa watu wengine asubuhi ile ile, jambo lililotuudhi sana, tukahamia barazani kwa mwanachama wetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Alitupikia pilau. Tulipoketi sita kwa sinia, katibu akasema: katika watu sita wowote, lazima wapatikane watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Pilau ikangoja.

Mshike mtu mmoja. Kati ya watano waliobaki, ama anawajua watatu au zaidi, ama hawajui watatu au zaidi. Tuseme anawajua watatu. Wawili kati ya hao wakijuana, pamoja naye wametimia. Ikiwa hakuna wawili wanaojuana, basi hao watatu ndio wageni tuliowatafuta. Upande wa pili hoja ni ile ile, imegeuzwa. Na watano hawatoshi: waketi duara, kila mmoja amjue jirani wa kulia na wa kushoto tu, hutapata watatu wa aina yoyote.

Ukitaka wanne badala ya watatu, wanahitajika watu 18. Hilo lilithibitishwa mwaka 1955. Ukitaka watano, dunia nzima bado inatafuta. Jibu haliko chini ya 43 wala haliko juu ya 46.

Mwaka 1947 Erdős alilijia swali hili kwa njia ambayo kwangu ndiyo kilele cha kazi yake. Hakuchora mpangilio wowote. Kwa kila watu wawili, rusha shilingi: kichwa wanajuana, upande wa pili hawajuani. Akakadiria uwezekano wa kutokea kundi, la ukubwa unaoulizwa, la wanaojuana wote au wasiojuana kabisa. Ukiwa chini ya moja, basi upo mpangilio usio na kundi hilo, hata kama hakuna aliyewahi kuuona. Nimefundisha uwezekano miaka mingi kwa dadu na karata, na sikujua kwamba unaweza kuthibitisha kuwepo kwa kitu.

Wanafunzi waliotutembelea tuliwapa swali la mwanahisabati Euler la 1736 kuhusu mji wa Königsberg, kama mtu anaweza kuvuka madaraja yake saba kila moja mara moja tu, kisha tukalileta nyumbani: Kisiwani, Kisauni, Changamwe na Likoni ziwe nukta, na njia ziwe mistari: kutoka Kisiwani, Nyali inafika Kisauni, Makupa inafika Changamwe na kivuko kinafika Likoni, na barabara ya Dongo Kundu inaunganisha Changamwe na Likoni. Je, utapita kila njia mara moja tu? Msichana mmoja alihesabu mistari ya kila nukta, akakuta Kisauni na Kisiwani pekee zina idadi witiri. Nukta unayoipitia tu unaiingia na kuitoka, mistari inakwenda miwili miwili, kwa hiyo yenye witiri lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari. Akasema, “Unaanza Kisauni, unaishia Kisiwani, au kinyume chake.” Hakuwa amejaribu safari hata moja. Königsberg nukta zote nne zilikuwa witiri, ndiyo maana ilishindikana.

Erdős alikuwa akiahidi pesa kwa maswali yake. Mwanahisabati Endre Szemerédi alipata dola 1,000 kwa uthibitisho wake wa mwaka 1975 uliojibu mojawapo. Kamati inaomba nasi tutenge zawadi ndogo, kila muhula, kwa mwanafunzi atakayeleta uthibitisho wake mwenyewe kwa swali litakalobandikwa. Tunaamini wapo watoto Mombasa wanaosubiri tu swali la kiasi chao. Mweka hazina atawasomea hesabu sasa, kisha tupige kura.