Barua ya Wazi kwa Vijana wa Barazani, Mji wa Kale

Assalaam alaykum, wanangu.

Nawasikia mkijadiliana barazani baada ya Isha, na sina shaka na akili zenu. Linalonitia wasiwasi ni namna mnavyotoka kwenye habari na kuingia kwenye hukumu bila kuonyesha mlipopitia, kisha mkazozana juu ya hukumu hiyo ilhali mnachotofautiana kwa kweli hakijatajwa na yeyote.

Chukueni suala la muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa kama miraa. Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku, kabla mahakama haijasimamisha agizo hilo, mmoja wenu alisema kwamba muguka unaharibu vijana, kwa hivyo ni haki kuupiga marufuku. Mwengine akamjibu kwamba wakulima wa Embu wanalisha watoto wao kwa zao hilo, kwa hivyo marufuku ni dhuluma. Kila mmoja alitoa msingi mmoja wa hoja yake na kuuficha wa pili. Wa kwanza aliamini, bila kusema, kwamba kila kinachoharibu vijana kinapasa kupigwa marufuku. Akilitamka hilo kwa sauti, itambidi ama aikubali marufuku ya sigara pia, ama aipunguze kanuni yake, pengine aseme kwamba ni kile tu ambacho marufuku itakipunguza kwa kweli badala ya kukisukuma vichochoroni. Hapo mjadala unaanza kuwa na faida, kwa sababu swali la vichochoroni lina watu wa kuulizwa. Wa pili naye aliamini kwamba kila kinacholisha familia kiachwe. Basi amwambie hivyo mama ambaye mwanawe ameangamizwa na unga wa kulevya, maana muuzaji wa unga huo naye ana watoto.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliligusia jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1740: aliona kuwa waandishi wa maadili huanza kwa kueleza mambo yalivyo, mara wakawa wanasema yanavyopasa kuwa, bila kutoa sababu ya kuvuka huko. Wala msidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikitanguliza kitabu chake cha usuli wa fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, Al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki.

Jambo la pili ni umbo la hoja, yaani namna misingi inavyofungamana na hitimisho, ambalo Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alilichambua zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Nikisema kila samaki huruka angani, na dagaa ni samaki, kwa hivyo dagaa huruka angani, umbo halina kasoro ila msingi wa kwanza ni uongo, nanyi mtacheka. Lakini sikilizeni hii: wezi hutembea usiku wa manane, kijana huyu anatembea usiku wa manane, kwa hivyo ni mwizi. Hapa misingi yote miwili inaweza kuwa kweli na hitimisho likawa batili, kwa kuwa usiku wa manane hutembea pia mkunga, mvuvi, na mlinzi anayerudi kwake. Hoja hii haichekwi na mtu. Kwa hoja ya namna hii watu hupigwa mawe mpaka wakafa, na waliowapiga hulala wakiamini wametenda haki. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema mantiki ni mchezo wa wasomi.

Kuhusu kumjibu mtu kwa kumwambia "wewe ni wa bara" au "wewe mtoto wa juzi", sina maneno mengi: hoja yake bado iko pale pale ilipokuwa.

Nawaomba basi, mkikutana tena, kila anayetaka kupinga aanze kwa kuieleza hoja ya mwenzake pamoja na msingi wake uliofichwa, mpaka mwenyewe akiri kuwa ndivyo alivyokusudia. Asiyeweza, asubiri zamu nyingine. Mimi nitakaa pembeni na kahawa yangu, na sitaamua nani ameshinda.

Mzee wenu wa mtaa