Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Waunda Modeli za Magari, Mombasa

Wanachama wenzangu,

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Kwa mujibu wa katiba yetu natoa taarifa ya mwaka unaomalizika leo. Ni mwaka wangu wa nne katika kiti hiki, na kwa kazi umeishinda mitatu iliyotangulia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulikutana mara 11, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Darasa la vijana lilifanyika mara mbili. Maonyesho ya Agosti yalifanyika, meza zilikuwa 8 na watu walikuja. Kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mwezi wa Machi tulimzika mzee wetu mwasisi, fundi makanika aliyetufundisha wengi wetu kushika kibano. Familia yake imetuachia msasa wake, visu vyake na maboksi manne ya modeli ambayo hakuwahi kuyafungua. Mungu amrehemu.

Mradi wa pamoja ulikuwa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1971, kipimo cha 1/24, yaani urefu wa gari la kweli ukigawanywa kwa 24. Wazo nililitoa mimi katika mkutano mkuu uliopita na nafurahi kwamba lilipokelewa. Tumeshaunda Ferrari na Porsche za kutosha, magari mazuri ambayo wengi wetu tumeyaona kwenye picha tu. Lakini 240Z ni gari la michezo la Kijapani lililopita katika vumbi letu wenyewe, likiendeshwa na Edgar Herrmann, mtu aliyekuwa akiishi hapa Kenya, pamoja na Hans Schüller. Wawili hao walikuwa wameshinda mwaka 1970 pia, wakiwa na Datsun 1600 SSS. Wa pili mwaka ule wa 1971 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika 240Z, na mwaka 1973 akaja kushinda mwenyewe kwa gari la aina hiyo hiyo. Kijana wa Mombasa akiulizwa kwa nini anakaa usiku kucha na kigari cha plastiki chenye urefu wa sentimita 17, hapo ana jibu la kumpa babake.

Maboksi ya vipande vya kuunganisha yalikuwa ya kampuni ya Hasegawa ya Japani, na kila mwanachama alilipia lake, chama hakikutoa hata senti. Waliolipia ni 14, waliomaliza ni 12. Kazi ya kuboresha ilikuwa nzuri kuliko mwaka wowote. Mikanda ya viti tuliikata kwenye karatasi ya gundi ya mafundi rangi. Antena ilitoka kwenye waya mwembamba wa gitaa. Vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia matope tulivikata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyokwanguliwa kwa msasa upande wa ndani mpaka ikawa nyembamba kama karatasi. Njia hiyo niliionyesha mimi katika kikao cha Februari, na nimeona imeshaanza kusambaa bila ya kutajwa ilikotoka.

Kuhusu matope, kikao cha Juni kilivuka saa tatu usiku. Wengine walitaka gari safi, jekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, kama linavyotunzwa leo na Nissan huko Zama, Japani. Wengine walitaka gari lilivyofika mwisho wa safari. Niliamua kila mtu afuate moyo wake, na wanachama wawili walileta udongo mwekundu kutoka Voi. Udongo wa kweli una punje kubwa mno kwa kipimo cha 1/24, unaonekana kama kokoto. Mpaka uchujwe kwa soksi ya nailoni mara mbili, uchanganywe na vanishi isiyong'aa, ndipo unapokaa kama vumbi. Saba walipaka matope, watano wakaacha safi.

Sasa nije kwenye kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia rangi. Najua wengi mmekuja leo kwa ajili hiyo, na pengine ndiyo sababu naona nyuso ambazo sijaziona tangu Januari. Yamesemwa mengi: eti mwenyekiti ametumia pesa za chama kujinunulia mashine, eti mashine imefungiwa nyumbani kwake, eti katiba imevunjwa. Nitajibu moja baada ya jingine, na naomba nisikatizwe.

Kwanza, kwa nini tuliihitaji. Jumamosi ya kwanza ya Aprili wanachama wanane walipuliza rangi nyekundu kwa makopo, uani mwa ukumbi, masika yakiwa yameanza. Mabodi matano yaligeuka meupe, kama yamenyunyiziwa chumvi. Hapakuwa na uzembe wa mtu. Thina inapokauka haraka huupoza uso wa plastiki, na hewa ya pwani iliyojaa maji huacha unyevu wake ndani ya rangi ambayo bado mbichi. Ndio ule ukungu mweupe. Nairobi watu wanaweza kupuliza kopo barazani na kwenda zao, sisi hatuwezi.

Jambo jingine ni unene. Kopo linatema matone makubwa na halina kipimo. Uwazi kati ya mlango na bodi kwenye gari la kweli ukiwa milimita 4, kwa kipimo chetu unakuwa chini ya robo ya milimita moja. Kopo linaujaza mara moja, na gari linabaki halina milango, limekuwa kama kipande cha sabuni. Brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha mkononi kinachopuliza rangi kwa hewa ya kompresa, inafanya kazi kwa paundi 15 hadi 20 za mgandamizo, rangi unaichanganya mwenyewe na thina ya kukausha polepole, na kompresa ina chujio la kunasa maji kabla hayajafika kwenye rangi. Chujio hilo ndilo nililolipigania. Tulipewa kompresa nyingine isiyo nalo, kwa bei ya chini, na mimi nikakataa. Ingekuwa kujenga kisima ndani ya bahari.

Yale mabodi matano tuliyaloweka kwenye mafuta ya breki siku mbili, tukayasugua kwa mswaki. Moja lilivunjika nguzo ya nyuma ya paa, na mwenyewe, kijana wa darasa la vijana, alikaa kimya mpaka mwisho wa kikao. Nilirudi nyumbani siku ile nimeshaamua kwamba jambo hili haliwezi kujirudia.

Pili, utaratibu. Niliitisha mkutano wa dharura Aprili ili wanachama waamue. Tuko wanachama 27 na akidi ni 14. Walikuja 6. Niliuitisha tena baada ya wiki mbili, nikatuma ujumbe kwa kila mtu, na wengine niliwapigia simu mwenyewe kwa salio langu. Walikuja 8. Muuzaji alikuwa ametushikia bei mpaka mwisho wa mwezi tu. Katiba inairuhusu kamati kununua vifaa vya kazi, na haikuweka kiwango. Kamati ilikaa, tukapiga kura, wanne wakaunga mkono na mmoja akapinga. Aliyepinga namheshimu, alisema wazi kwamba pesa ni nyingi mno na kwamba heshima ya mkutano mkuu ilindwe. Hoja yake ina uzito. Lakini wale ambao hawakuja Aprili mara mbili, wakaja kulalamika Julai kwamba hawakushirikishwa, mimi nawauliza: mlitaka nishirikiane na viti vitupu?

Tatu, kwa nini iko nyumbani kwangu. Ukumbi tunaoukodi una mlango unaofunguka kwa kusukumwa kwa bega, na umeme wake mnaujua. Mwaka juzi tulipoteza taa mbili na sanduku la rangi pale pale. Nilimwomba kila mjumbe wa kamati kama ana nafasi, na hakuna aliyekuwa nayo. Mimi nimetoa chumba cha nyuma, nimetoboa ukuta kwa gharama yangu ili bomba la kutoa moshi wa rangi lipite, na mke wangu amevumilia harufu ya thina kila Jumatano na Jumamosi bila ya kunung'unika, jambo ambalo chama hiki hakijamshukuru hata siku moja. Kati ya modeli 12 zilizomalizika, 9 zilipakwa rangi katika chumba hicho. Daftari la matumizi liko ukutani, kila anayekuja anaandika jina na saa. Jina langu limo mara 7, la katibu mara 16. Hata hivyo, ili maneno yaishe, nimechonga ufunguo wa pili na leo nitamkabidhi katibu mbele yenu.

Na matokeo mliyaona wenyewe Agosti. Magari yale mekundu yalisimama kwenye meza moja, rangi imelala nyembamba, mistari ya milango inasomeka. Mzee mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake aliinama mbele ya meza ile zaidi ya nusu saa. Alikuwa akiliona gari namba 11, lile la Herrmann, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa kijana kando ya barabara wakati wa Pasaka. Alituuliza kama anaweza kuligusa. Nilimwambia aguse. Kwa upande wangu, kompresa ilijilipa saa ile.

Hesabu. Tulianza mwaka na shilingi 58,400. Ada zilizoingia ni 45,000, na michango ya mlangoni siku ya maonyesho ni 11,250, jumla 114,650. Matumizi: kompresa, brashi ya hewa, kibanda cha kupulizia na bomba lake 61,500, ukumbi 16,500, maonyesho 14,200, chai na maji 7,300. Jumla 99,500. Zimebaki 15,150.

Hizo 45,000 ndizo zinazonikosesha usingizi. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwaka, na tukilipa wote 27 ni 81,000. Waliolipa yote ni 12. Waliolipa nusu ni 6. Waliobaki 9 hawajatoa hata shilingi, na miongoni mwao wamo walioniandikia ujumbe mrefu kuhusu matumizi mabaya ya pesa za chama. Tunadai 36,000. Sitataja jina la mtu, orodha iko kwa mweka hazina na kila mmoja anajijua. Mwenye shida aje aniambie faragha. Mwaka huu wawili walikuja, tukaelewana, na hakuna aliyejua mpaka leo. Lakini mtu akiweza kuagiza boksi la kampuni ya Tamiya, la kipimo kikubwa cha 1/12, kutoka Japani, asiniambie kwamba 3,000 imemshinda.

Mahudhurio ni yale yale. Kwa wastani tulikuwa 9 katika kila kikao. Mkesha wa maonyesho 19 waliahidi kuja kupanga ukumbi, tukafika 5, mmoja wetu akiwa ametoka hospitali wiki ile ile. Meza nilizibeba mimi, katibu na vijana wawili. Kila mwezi naandaa somo, napanga vifaa, nafungua mlango saa nane kamili. Somo la Septemba, la kupaka rangi ya fedha nyuma ya vioo vya taa ili zionekane zina kina, nililitayarisha kwa wiki mbili nzima na waliokuja walikuwa wanne. Inauma. Chama hiki nakipenda, na sioni aibu kusema hivyo mbele yenu.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inatarajia kuendelea na magari ya Safari, pengine Lancia Stratos, ambayo Sandro Munari aliifikisha nafasi ya pili mwaka 1975. Tunatumaini kupata ukumbi bora wenye mlango wa chuma, na kompresa ihamie huko. Iwapo hali itaruhusu tungependa kwenda Naivasha pamoja wakati wa mashindano. Darasa la vijana tungependa liwe la kila mwezi. Yule kijana aliyevunjikiwa nguzo aliunganisha bodi lake kwa kipande cha fremu ya plastiki, akajaza, akapiga msasa, na modeli yake ilikuwa miongoni mwa zile 12. Nimempa moja ya yale maboksi manne ya marehemu mzee wetu, kwa idhini ya familia. Kama kuna anayepinga hilo pia, asimame aseme leo.

Daftari la hesabu liko mezani kwa mweka hazina, na kitabu cha risiti kiko kando yake. Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti