Kwa Mama Imran, kuhusu hicho kishikwambi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Asalaam aleykum. Sisi wazima, Bi Mkubwa anakusalimu. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa tochi ya simu na chaji inakwisha, kwa hiyo salamu zilizobaki jaza mwenyewe.

Ujumbe wako wa mkopo nimeupata. Kishikwambi! Cha mtoto ambaye hata miaka miwili hajatimiza! Hela sina nyingi, unajua, ila hata ningekuwa nazo kwa hilo sitoi. Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2019: wa mwaka mmoja asikalishwe kwenye skrini, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Wewe unataka kumnunulia yake kabisa, eti ajifunze rangi. Si rangi hizo zimejaa kwenye kamba yako ya nguo?

Fanya hivi. Mwekee sakafuni sufuria tatu, mifuniko uichanganye, umwache atafute upi wa ipi. Kwanza atapiga ngoma, jirani avumilie. Halafu utamwona anageuza, anajaribu mkubwa juu ya ndogo, ananuna, anarudia. Nawe kaa hapo hapo useme naye: "Huo hauenei. Haya, jaribu ule." Kisha nyamaza umsubiri. Akisema "ba", mjibu kama amekuhutubia. Kishikwambi kitasema kutwa, lakini hakiwezi kumsubiri mwanao ajibu.

Ukianua nguo, mpe soksi azitafutie wenzake. Ficha kijiko chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, muulize kiko wapi. Jifunike khanga usoni, hiyo hata Baba Imran anaiweza, akitaka. Maji ya kumimina kwenye beseni anayapenda huyo, najua, ila usinyanyuke hata kufungua mlango. Vizibo vya soda na maharage bado kwanza. Yaliyompata wa Mama Tatu puani si umeyasikia? Mimi napima kwa kile kibomba cha boksi kinachobaki toileti pepa ikiisha: kinachopenya humo hapewi.

Halafu lile la wavulana kuchelewa kusema, mama mkwe wako ananiambia na mimi kila tukizungumza kwenye simu. Pengine ni kweli. Lakini shoga, wewe usingeomba mkopo kwa ajili ya rangi. Nakujua. Una wasiwasi na masikio yake, au na... basi, tuseme masikio kwanza. Nenda kliniki wamtazame. Nauli hiyo nakutumia kesho asubuhi na wala si mkopo. Kishikwambi ndio sitoi.

Sasa nijibu, tena usinitumie vile vikatuni vya kucheka. Ukimwita ukiwa nyuma yake, anageuka? Mlango ukibamizwa anashtuka? Anakunyooshea kidole anachokitaka, au anakuvuta mkono tu? Tukiitoa hiyo "ba", ana maneno gani mengine? Nesi ulishamwambia, au unaona haya kwa vile kadi ya kliniki umeipoteza tena? Dada wa kazi anaongea naye mchana, au ndio televisheni mpaka urudi? Na ile hela ya vitenge tangu Mfungo Tatu, shoga, ndiyo tumesameheana?

Wako,
Mama Salma