Shukrani kwa Shosho wa kibanda cha mboga, Kiamunyi

Jina lako kamili hatulijui. Mtaa mzima wa hapa Nakuru unakuita Shosho, nasi tumefuata.

Tulipohamia kutoka Kisumu, lori likiwa bado linashusha vyombo, ulituletea sukuma wiki na jerikeni la maji ya mvua. Tukadhani ni ukarimu tu. Kumbe ulikuwa na somo: visima vingi vya huku vina floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajiunda, huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa kusuguliwa. Wetu wana umri huohuo. Baba yao akauliza, si tuyachemshe? Ukacheka sana. Kuchemsha huua vijidudu. Floridi hubaki palepale, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. (Na vile wakala wa nyumba alivyokisifia kisima cha hapa kwetu!)

Ukatutafutia fundi wa gata, ukambana bei kama mama yetu mzazi, ukasisitiza mvua ya kwanza imwagike, ioshe vumbi la paa kabla ya bomba kuelekezwa kwenye tangi. Ya kisima sasa ni ya kufulia na kupiga deki.

Watoto wanakuulizia kila wakitoka shule, ingawa nashuku wanaulizia ndizi zako. Asante sana, Shosho. Tangi limejaa, mifereji ikikauka kwako, tuma mtu na mitungi.