Kokoto si changarawe: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako. Unauliza kama kokoto na changarawe ni kitu kimoja, maana huko kazini kila fundi ana lake. Katika mazungumzo ya kawaida watu huyachanganya maneno haya na hakuna anayedhurika. Anayeagiza lori zima la mawe ya kujengea hana ruhusa hiyo, na sasa wewe ndiye unayeagiza.

Kokoto ni mawe yaliyopondwa, kwa nyundo au kwa mashine. Shika moja uigeuze: ina pembe, nyuso zake zimepasuka, ukiipapasa inakwaruza. Changarawe zimetengenezwa na maji. Mto umezisukuma na kuzisugua hadi zikawa za mviringo, na mara nyingi huja zimechanganyika na mchanga.

Umbo hilo lina maana kubwa. Pembe hufanya mawe yashikane. Ndiyo sababu chini ya reli humwagwa kokoto: huyabana mataruma, yaani yale magogo yaliyolazwa chini ya vyuma vya reli, yasihame treni inapopita, huku maji ya mvua yakipenya katikati yake. Ukiweka mawe ya mviringo hapo, yatateleza.

Kwenye zege mambo hayako hivyo moja kwa moja. Changarawe safi hutoa zege nzuri, tena rahisi kukoroga kwa maji machache, basi usizidharau. Mchanga na mawe huchukua takribani asilimia 60 hadi 75 ya ujazo wa zege. Saruji ni ya kuunganisha tu. Kwa hiyo mawe mabovu ni zege mbovu, hata uongeze saruji kiasi gani. Kinachonitia hofu zaidi ni vumbi. Kokoto iliyofunikwa na vumbi au udongo haishikani na saruji, na kasoro hiyo huioni siku ya kumwaga. Zioshe. Angalia na ukubwa: kwa nguzo na slabu za kawaida hutumika za milimita 20, kwa sababu lazima zipite kati ya nondo. Kubwa mno hukwama juu ya chuma na kuacha matundu chini yake.

Changarawe nazo zina kazi zake: kwenye mitaro ya kupitisha maji, na chini ya mchanga wa chujio, ambako huushikilia mchanga usiondoke na maji. Hata kuku humeza vijiwe. Hana meno, basi vijiwe hivyo hukaa kwenye firigisi na kumsagia punje. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Utakapoagiza tena, usiseme "niletee mawe madogo." Taja kokoto au changarawe, taja milimita, na sema ziwe zimeoshwa. Kisha uwepo lori linapofika, uchote konzi moja uikague kabla dereva hajamwaga.

Mimi mama yako