Mnunuzi wa nyumba kongwe aonyeshwe vibali, si roshani pekee

Ndugu Mhariri,

Kurasa za nyumba na viwanja katika gazeti lako husifu mitaa ya kale ya mijini kwa maneno yale yale: dari za juu, ngazi za mbao zilizochongwa kwa mkono, majirani wenye staha, na thamani ambayo eti haishuki. Sina ugomvi na sifa hizo, kwani nimeishi miaka tisa katika nyumba ya aina hiyo na sijutii. Naomba tu nafasi nieleze jambo ambalo kurasa hizo hazilisemi, kwamba anayenunua nyumba katika mtaa unaolindwa kisheria kwa ajili ya historia yake hununua kitu ambacho hana mamlaka nacho kamili, na mara nyingi hulitambua hilo akiwa ameshalipa.

Utaratibu huo si mgeni. Mji wa Charleston nchini Marekani uliweka kanuni za kulinda eneo zima la kihistoria mwaka 1931. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1962, ambayo baadaye ilitumika kuuhifadhi mtaa wa kale uitwao Marais jijini Paris. Brooklyn Heights ukalindwa na jiji la New York mwaka 1965, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya maeneo ya hifadhi mwaka 1967. Kanuni za nchi hizi zinatofautiana, lakini zote zinakubali kwamba sura ya nyumba inayoonekana barabarani inawahusu watu wengi kuliko yule mwenye hati. Ndiyo maana mtu anayetaka kubadilisha mlango, dirisha au vigae vya paa huweza kulazimika kupeleka michoro kwenye kamati na kusubiri majibu, hata kama mvua inamvujia kitandani.

Linaloumiza zaidi ni deni la makosa ya waliotangulia. Huko Uingereza, kubadilisha jengo lililoorodheshwa rasmi kuwa la kihistoria bila kibali ni kosa la jinai, na ingawa aliyetenda kosa ni mmiliki wa zamani, amri ya kulirejesha jengo katika hali yake inaweza kumwangukia aliyelinunua, hata miaka mingi ikiwa imepita. Mimi yalinikuta kwa kiasi kidogo. Aliyeniuzia alikuwa ameng'oa madirisha mawili ya mbao upande wa barabarani na kuweka ya plastiki, na dalali akayataja mbele yangu kuwa ni maboresho. Mwaka wangu wa pili nikapokea barua ya kunitaka niweke ya mbao kama yale ya awali, kwa gharama yangu. Fundi anayejua kutengeneza madirisha ya namna hiyo nilimtafuta kwa miezi, na nilipompata alinipanga nyuma ya wateja wengine sita.

Kuna pia yale yasiyoonekana kwa macho. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa matofali laini na chokaa, ambayo huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Mwenye nyumba akiziba nyufa kwa saruji akidhani anaimarisha, unyevu hukosa njia ya kutokea, na matofali yenyewe huanza kumomonyoka. Ukuta huo ukipakwa rangi siku chache kabla ya wateja kuja kutazama, hupendeza kweli kweli.

Chini ya ukuta kuna msingi. Mtaa wa Back Bay mjini Boston, ambao ni miongoni mwa mitaa ya kifahari inayosifiwa sana Marekani, ulijengwa katika karne ya 19 juu ya eneo la maji lililofukiwa kwa kifusi, na nyumba zake nyingi zimesimama juu ya magogo yaliyopigiliwa ardhini. Kanisa la Trinity lililo katika mtaa huo lina magogo yapatayo 4,500. Gogo lililozama majini hudumu miaka mingi mno kwa sababu halipati hewa. Maji ya ardhini yakishuka, pengine kwa sababu ya bomba la majitaka lenye nyufa linaloyanyonya polepole, kichwa cha gogo hukauka, kuvu hulivamia na nyumba huanza kutitia. Kuikata sehemu iliyooza na kuweka nguzo mpya ni kazi ya kuchimba chini ya nyumba ambayo watu wanaishi, na huwa ghali mno. Mnunuzi asiyemlipa mhandisi kwa hofu ya gharama ananunua kitu asichokijua.

Nyumba nyingi za matajiri wa zamani sasa zimegawanywa kuwa makazi ya familia kadhaa, kwa hiyo paa ni la wote, na mfuko wa akiba wa wakazi ukiwa mtupu, wa ghorofa ya chini naye atachangia.

Wapo wanaodai kwamba kanuni hizi zifutwe. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kanuni iliyonibana kwenye madirisha yangu ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia jirani kubomoa nyumba yake na kuweka mnara wa vioo mbele ya jua langu. Ninachokataa ni kufichwa.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba kila tangazo la nyumba kongwe katika gazeti lako litaje mwaka ambao mtaa uliwekwa chini ya ulinzi, vibali vya mabadiliko yaliyokwisha kufanywa, mara ya mwisho paa lilipotengenezwa, na kiasi kilichomo katika mfuko wa akiba. Mistari minne inatosha, na ikiwa nafasi ni finyu, picha ya roshani ipunguzwe.

Msomaji wako wa siku nyingi